Riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi imetoka, maboksi yamejaa chumbani, sasa nifanyeje?

Swali la leo ni la dada mmoja, mwalimu wa sekondari huko Morogoro. Nimelifupisha kidogo ila maneno ni yake:

"Nimechapa nakala 500 kwa hela yangu mwenyewe, milioni mbili na nusu, nauza 12,000. Mpaka sasa nimeuza 110, karibu zote kwa walimu wenzangu, ndugu na watu wa kanisani, hizo 390 ziko chini ya kitanda. Shangazi ananiuliza hayo mambo nimeyajulia wapi, mkuu wa shule kaninunia, kuna jamaa anasoma kitabu changu YouTube hajaniomba hata kidogo, na wasomaji wawili watatu wamenikasirikia eti kwa nini nimemuua Rehema mwishoni. Nikazane na hiki au niandike kingine? Nibadili jina? Niingie kwenye tuzo?"

Mdogo wangu, hongera kwanza. Watu wanaosema wanaandika kitabu ni wengi mno, waliofika kwenye "mwisho" wakakipeleka kiwandani wakakishika mkononi ni wachache, na wewe uko kwenye hao wachache, kwa hiyo usikubali mtu akufanye ujione umepoteza hela.

Sasa tuongee ukweli kuhusu zile 110. Sehemu kubwa ya hizo ni mchango, kama mchango wa harusi, mtu anatoa kwa sababu anakupenda na hataki kuonekana hakutoa, na kitabu kinawekwa kabatini. Sio vibaya, kila mwandishi anaanzia hapo, ila usivitumie kupima kama kitabu chako kinauzika. Mtu wa kumtafuta ni yule aliyekimaliza. Na bora zaidi aliyekimaliza afu akakasirika! Hao wawili watatu waliokufokea juu ya Rehema ndo mali yako ya kwanza kabisa kwenye kazi hii, maana mtu hakasirikii kifo cha mtu ambaye hakumpenda. Majina yao unayo? Namba zao unazo? Kama huna anza leo kuwatafuta, afu uanze kuandika kitabu cha pili, na jibu langu refu lote hili linazunguka hapo hapo: mwandishi wa mapenzi anaishi kwa wasomaji wanaorudi, na hawawezi kurudi kama hawajui pa kukupata na hakuna cha kurudia.

Angalia wenzetu wa Mills & Boon, kampuni ya London iliyoanzishwa 1908, vile vitabu vyao vyembamba ambavyo mpaka leo unavikuta kwa wauza vitabu vya mtumba. Wale walijua kitu kimoja kuhusu msomaji wa mapenzi, kwamba hasomi kimoja akatulia, anasoma kimoja leo na kingine wiki ijayo, kwa hiyo walimletea vipya kila mwezi na akawa anajua kabisa akikifungua atapata nini. Wewe huwezi kutoa kila mwezi, unafundisha na una maisha yako, lakini kimoja kwa mwaka unaweza. Na ukishakuwa na viwili utaona ajabu, aliyependa kimoja, hata kama ameanzia cha pili, anakuja kuulizia kingine, yaani kitabu cha pili ndo kinakuja kukuuzia cha kwanza. Kwa hiyo swali lako la "nikazane na hiki au niandike kingine" jibu ni fanya vyote ila kwa nguvu tofauti, asubuhi yenye akili nzuri kipe kitabu kipya, jioni ukiwa umechoka uza hicho cha zamani.

Kuuza kwenyewe sasa. Toa maboksi yote chini ya kitanda, nenda stationari katengeneze stika ndogo, ubandike ukurasa wa mwisho kabisa wa kila nakala. Iandikwe kitu kama hiki: "Umemaliza? Niambie ukweli ulivyokiona, WhatsApp namba fulani. Seva namba yangu nikutumie sura ya kwanza ya hadithi inayofuata." Basi. Usiandike asante nyingi, mtu akimaliza hadithi moyo bado unamdunda, mpe kitu cha kufanya saa hiyo hiyo. Hilo la kuseva namba ni muhimu, usiliruke, maana brodikasti ya WhatsApp inamfikia tu mtu ambaye amekuseva, na orodha moja inachukua watu 256. Wengi wanakimbilia kufungua magrupu, mi naona kwa mwandishi anayeanza grupu ni mzigo, mara mtu kaleta matangazo ya mikopo, mara ugomvi, na usiku mzima unakuwa askari badala ya kuandika. Brodikasti inafika kwa mtu kama umemwandikia yeye peke yake na akikujibu mnaongea wawili. Laini nunua nyingine ya hiyo kazi, usitumie namba wanayokupigia wazazi wa wanafunzi.

Halafu kuna soko ambalo nadhani hujaligusa, la simulizi. Unazijua zile "sehemu ya 1, sehemu ya 2, itaendelea" za Facebook, mtu anaweka sehemu kadhaa bure afu anasema anayetaka yote alipie aje inboksi. Kuna waandishi wa vitabu wanaodharau hilo soko na mi sikubaliani nao hata kidogo, pale ndo walipo wasomaji wa mapenzi wa Kiswahili, wauguzi wa zamu za usiku, wadada wa saluni, walinzi, wanafunzi wa vyuo, na wako tayari kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kitabu chako kina sura ngapi? Weka nne za mwanzo bure, moja kila jioni saa ileile, na kila moja ikate mahali ambapo mtu hawezi kulala. Kukata ni ufundi, usikate tu kwa sababu maneno yametosha, kata pale mlango umegongwa na msomaji anajua anayegonga ni nani ila Rehema hajui. Baada ya ya nne unasema kitabu kipo, bei hii, lipa namba hii, natuma mikoani. Anayetaka karatasi umempa karatasi, anayetaka PDF mwuzie kwa bei ya chini, lakini ujue PDF ikishatoka imetoka, itazunguka, kwa hiyo mi kwa kitabu ambacho bado nina maboksi yake nisingetoa PDF kwanza.

Kutuma mikoani usiogope. Hapo Msamvu mabasi ya kila upande yanapita, unafunga kitabu kwenye bahasha ngumu, unaandika jina na namba ya mpokeaji pande zote mbili, unalipia ofisi ya basi, unapiga picha ile risiti unamtumia mteja. Nauli ya mzigo alipe yeye, na umwambie mapema isije ikawa maneno. Mteja wa mkoani aliyepata kitabu chake salama anakuwa mwaminifu kuliko wa mjini, maana huko kwake duka la riwaya hamna.

Maduka ya vitabu nayo peleka, ila fungua macho. Mengi yatapokea kwa mali kauli, yaani unaacha mzigo unalipwa wakishauza, na watakata sehemu yao. Tuchukulie wanakata asilimia 35. Kwa bei yako ya 12,000 wao wanabaki na 4,200, wewe unapata 7,800, kuchapa kulikugharimu 5,000, umebaki na 2,800 na hapo hujatoa nauli ya kupeleka wala ya kufuatilia. Ukimwuzia msomaji mwenyewe mkononi unabaki na 7,000. Sisemi maduka ni wezi, wana kodi ya pango na wafanyakazi, nasema wapelekee nakala kumi sio mia, na usiondoke bila karatasi iliyosainiwa na kugongwa muhuri: tarehe, idadi, bei, asilimia yao, na siku ya kuhesabiana. Waandishi wapya wanaona aibu kuomba hiyo karatasi, afu miezi sita baadaye aliyepokea mzigo kaacha kazi na hakuna anayejua vitabu vyako viko rafu gani.

Hapa niseme jambo la kalenda. Februari kuanzia tarehe 1 mpaka 14 ni msimu wako, mtu anayetafuta zawadi ya Valentine ya elfu kumi na mbili hana vitu vingi vya kuchagua, fungasha kitabu na utepe mwekundu na nafasi ya kuandika jina la anayepewa. Msimu mwingine ni mwanzoni mwa Julai, 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliitangaza 2021, na hiyo hiyo ni Sabasaba. Redio zinatafuta watu wa kuongea Kiswahili wiki hiyo, andikia redio za hapo Morogoro mapema, mwezi mzima kabla, uwape kitu cha kuongea na sio kuomba tu kutangaziwa kitabu.

Nije kwa shangazi na mkuu wa shule, maana nimeisoma barua yako mara mbili na naona hapa ndo panapokuuma kuliko maboksi. Anayeandika mauaji hakuna anayemuuliza kamuua nani, ila mwanamke akiandika mapenzi watu wanaanza kutafuta kitanda chake. Limewakuta wakubwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Kwa shangazi usijitetee, mwambie shangazi hii ni kazi yangu na ukikisoma chote nitafurahi unieleze ulichokiona, afu nyamaza. Shangazi wengi wakishasoma wanageuka wapiga debe wakubwa kuliko wote.

Mkuu wa shule ni habari nyingine kwa sababu ni mwajiri. Kitabu chako usiwauzie wanafunzi wako, hata kama wanaomba, hata kama ni wa kidato cha sita. Usikitangaze kwenye grupu la wazazi. Ukifanya hivyo hana pa kukushika. Na kama kuna kurasa za kitandani ndani, tofautisha riwaya ya mapenzi na chombezo, yaani hadithi ya ngono waziwazi. Chombezo lina wateja wake na sina haja ya kumhukumu mtu, lakini wewe ni mwalimu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia mtandaoni, sehemu ambazo mtu anaweza kuzisoma hivyo usizimwage Facebook. Tena kwa ufundi mtupu, riwaya inayomfikisha msomaji mlangoni na kumwachia yeye afunge mlango inasomwa na mama na binti yake, wote wawili wanaweza kununua.

Jina la kalamu: kwa kitabu hiki umeshachelewa, usijaribu kujificha. Kwa cha pili unaweza ukitaka, ila ujue unaanza upya kujulikana, wale wanaomlilia Rehema hawatajua kuwa ni wewe. Mimi ningebaki na jina langu. Watu wakishazoea wanaacha kushangaa.

Jamaa wa YouTube. Haki ya kitabu ni yako tangu ulipokiandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, sio ndo kunakupa hiyo haki, ila kunakupa ushahidi, kwa hiyo nenda kasajili kabla hujagombana na mtu. Ila kabla ya kupiga kelele msikilize huyo jamaa kwanza. Anasoma vizuri? Ana wasikilizaji wanaoandika chini "leta nyingine"? Kama ndiyo, mwandikie kwa heshima, mwambie kazi ni yangu, una njia mbili, uitoe au tuandikiane: abaki na sura tano za mwanzo, jina langu na namba yangu viwe juu kabisa kwenye maelezo ya kila video na avitamke mwanzo na mwisho, na kama anataka hadithi yote anilipe kiasi tutakachokubaliana, kwa maandishi. Msomaji wa simulizi mwenye sauti nzuri ni mtu wa thamani kwako. Akigoma au akikutukana, YouTube wana fomu ya kuomba video iondolewe kwa hakimiliki, anayepata maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli yake inaweza kufungwa. Jambo moja wengi hawalijui, kwenye hiyo fomu unaandika jina lako halisi la kisheria na aliyepandisha video analiona, kwa hiyo ukija kutumia jina la kalamu siku nyingine hilo ulijue mapema.

Sasa Rehema. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo kitabu chako cha pili kilipo.

Riwaya zetu nyingi za mapenzi zilizoea kumalizia na fundisho, binti kapenda, kaharibikiwa, kafa, jamii ijifunze. Tumelelewa hivyo na walimu ndo tumezidi. Lakini msomaji aliyenunua hadithi ya mapenzi amekupa siku zake na machozi yake kwa makubaliano ambayo hayajaandikwa popote, kwamba wale wawili watateseka vyovyote utakavyo wewe, ila mwisho watapatana na atafunga kitabu moyo umetulia. Ukimuua Rehema umeandika msiba, na msiba ni halali kabisa, ila nyuma ya kitabu uliandika nini? Kama maelezo ya nyuma yanaahidi penzi tamu na kava ina mioyo na maua, msomaji ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo cha pili amua kabla hujaanza. Kama ni mapenzi, wafikishe. Wengine wanadhani mwisho wa furaha unafanya hadithi iwe nyepesi, mi naona ni kinyume, kumuua mtu ni aya moja, kumfanya msomaji aamini kwamba hawa wawili baada ya mahari kukataliwa, baada ya mama mkwe, baada ya ule uongo wa mwaka mzima, kweli wanaweza kukaa nyumba moja na kuaminiana, hiyo ni kazi ya sura nzima nzima.

Na penzi lenyewe lionekane kwa vitendo. Ulinibandikia aya moja kwenye barua, "Juma alikuwa mzuri sana, macho yake yaling'aa kama nyota, moyo wa Rehema ukadunda." Hiyo msomaji ameshaisoma sehemu nyingi, haimshiki. Jaribu hivi: "Siku tatu mfululizo Rehema alifika bombani akakuta ndoo yake imeshajazwa na kufunikwa na kisahani. Hakuuliza ni nani. Siku ya nne alichelewa makusudi, aone kama itajaa tena." Sijataja macho, sijataja moyo, ila msomaji ameshajua kuna mtu anapenda na kuna mtu ameanza kungoja kupendwa, na anataka kujua siku ya nne ilikuwaje. Hapo Morogoro pamejaa vitu vya namna hiyo, milima ya Uluguru ikifunikwa na ukungu asubuhi, akina mama wanaoshuka na ndizi na mboga vichwani kwenda sokoni, daladala inayojaza. Usimpeleke Juma wako kwenye gari la kifahari Masaki ambako hujawahi kukaa, mwache apendee palepale unapopajua.

Mswada ukiisha mpe mtu auhariri kwa hela, sio mwalimu mwenzako wa Kiswahili kwa soda. Mwalimu atakusahihishia sarufi, mhariri wa hadithi atakwambia sura ya sita inalala. Na hizo hela utaziokoa kwenye kuchapa, usichape tena 500. Anza na 100 au 150 kwa mashine za dijito, gharama ya kitabu kimoja itapanda kidogo lakini hela haitalala chini ya kitanda. Siku ukienda offseti, zile mashine za kuchapa nakala nyingi, kumbuka fomu, yaani karatasi kubwa moja inayokunjwa, ni kurasa 16, kitabu cha kurasa 208 ni fomu 13 kamili, cha kurasa 210 unalipia karatasi ya fomu nyingine kwa ajili ya kurasa mbili, bora uzipunguze.

Tuzo, ndiyo, ingia, ila kwa mpango. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, inataka mswada ambao haujachapishwa, mshindi wa kwanza wa riwaya alipewa milioni 10, na miswada inayoshinda inalengwa pia kufika shuleni, kwa hiyo hiki ulichochapa hakiingii na cha pili kipime kama kinafaa huko. Ile ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ni ya Kiswahili tu na imekuwa ikipokea miswada na hata vitabu vilivyochapwa karibuni, soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Tuma afu sahau, endelea kuandika. Usizuie kitabu mwaka mzima ukingoja jibu la majaji wakati una watu kwenye simu wanakuuliza kinatoka lini.

Kwa hiyo wiki hii: stika, laini mpya, COSOTA, na uwapigie wale waliokufokea. Wapigie kabisa, usiwatumie meseji. Waulize walitaka iishe vipi, usibishane nao, andika wanachosema. Ukifika sura ya tatu ya kitabu kipya nitumie kupitia njia ileile uliyoniandikia, nitaisoma.